Kuondoa flaiwili iliyogoma katika injini ya zamani ya boti

Katika mialo ya Ziwa Victoria na madiko ya pwani ya Bahari ya Hindi, injini ya boti haitupwi kwa sababu tu imezeeka. Hupita kwa mmiliki mmoja hadi mwingine, hubadilishwa pistoni, huongezewa vipuri vya injini nyingine, na kuendelea kuwapeleka watu kazini. Hili ni jambo jema, kwa kuwa injini mpya ni ghali na wavuvi wengi hawawezi kuinunua. Lakini injini ya zamani inahitaji kutunzwa na mtu anayeielewa.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na dhoruba zake huja kwa ghafla, mara nyingi usiku. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku huohuo, katika siku za giza ambapo mwezi haupo. Injini ikizima mbali na nchi kavu, watu waliomo hawapotezi samaki tu. Wanaweza kupoteza maisha. Kwa hiyo namna injini inavyotengenezwa nchi kavu ni suala la usalama majini.

Makala hii inaeleza kazi moja ambayo huwashinda watu wengi na kuharibu injini nyingi: kuondoa flaiwili iliyokaza. Inawafaa mafundi wanaoanza, wamiliki wa boti, na vikundi vya wavuvi vinavyotaka kuwa na uwezo wa kutengeneza injini zao wenyewe.

Flaiwili ni nini?

Flaiwili ni gurudumu zito la chuma lililo juu kabisa ya injini, chini ya kifuniko na stata ya kamba. Ina kazi mbili. Kwanza, uzito wake huufanya mzunguko wa injini uwe laini, usikatike kati ya mlipuko mmoja na mwingine. Pili, ndani ya ukingo wake kuna sumaku. Sumaku hizo zinapozunguka juu ya koili, umeme wa plagi huzalishwa. Ndiyo maana injini hizi zinaweza kuwaka bila betri.

Chini ya flaiwili ndiko ziliko koili. Katika injini za zamani zaidi ziko pia pointi na kondensa. Fundi hawezi kuvifikia vitu hivi vizuri bila kuiondoa flaiwili.

Kwa nini inagoma?

Watu wengi wanadhani flaiwili inashikiliwa na nati iliyo katikati. Wanapoifungua nati na kuona flaiwili haitoki, wanafikiri ni kutu tu, na wanachukua nyundo. Ni muhimu kuelewa kinachoishikilia hasa.

Ncha ya juu ya shafti ya krenki haiko sawa kama bomba. Imechongoka kidogo: ni nene chini na nyembamba juu. Tundu la katikati ya flaiwili nalo limechongwa vivyo hivyo. Nati inapokazwa, flaiwili husukumwa chini na kubana kwenye mchongoko huo, kama kizibo kinavyobana kwenye mdomo wa chupa. Mbano huo wa chuma kwa chuma ndio unaobeba nguvu yote ya injini. Nati hubaki kuulinda tu usilegee.

Kati ya shafti na flaiwili kuna pia kii, yaani kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi. Wengi wanaamini kwamba kii ndiyo inayozuia flaiwili isiteleze. Sivyo. Kazi ya kii ni kuiweka flaiwili mahali pake sahihi ili cheche itoke kwa wakati unaotakiwa. Mbano ukilegea, kii peke yake haiwezi kuhimili nguvu ya injini, na itakatika.

Tukielewa hivyo, njia ya kuiondoa inakuwa wazi. Flaiwili inahitaji kuvutwa juu moja kwa moja, kwa nguvu inayopita katikati, sawasawa pande zote. Nguvu inayotoka ukingoni haifungui mbano. Inapinda na kuvunja.

Je, ni lazima iondolewe?

Kabla ya kuigusa flaiwili, hakikisha kwamba tatizo liko chini yake. Fanya ukaguzi huu kwanza:

• Weka plagi mpya au plagi unayojua ni nzima. Igusishe kwenye chuma cha injini, ukiishika kwa koleo lenye mpini wa mpira, kisha mtu mwingine avute kamba. Fanya hivi mbali na mvuke wa petroli.
• Kama hakuna cheche, tenganisha waya wa swichi ya kuzimia na ujaribu tena. Cheche ikirudi, tatizo liko kwenye swichi au waya wake, na flaiwili haina sababu ya kuondolewa. Chumvi na maji huharibu swichi hizi mara kwa mara.
• Kagua waya mnene wa plagi. Ukipasuka, umeme hutorokea kwenye chuma.
• Injini nyingi za zamani za silinda mbili zina koili na pointi za kila silinda. Kama silinda moja tu haina cheche, kuna uwezekano kwamba koili, kondensa au pointi yake imeharibika. Kama zote mbili zimekosa cheche kwa pamoja, shuku kwanza swichi na waya.

Kuna dalili nyingine inayoonyesha kwamba lazima ufike chini ya flaiwili. Cheche ipo, mafuta yapo, lakini injini haiwaki. Inarudisha moto kupitia kabureta, au inaipokonya kamba mkononi mwa anayewasha. Huenda kii imekatika na flaiwili imezunguka kidogo kwenye shafti. Cheche basi inatoka kwa wakati usio wake.

Mambo yanayoharibu injini

Njia zifuatazo hutumiwa mara nyingi kwa sababu hazihitaji kifaa maalumu. Wakati mwingine zinafanikiwa, na ndiyo maana zinaendelea. Lakini hasara yake ni kubwa.

• Kupiga ukingo wa flaiwili kwa nyundo. Sumaku hupasuka, hung'oka au hupungua nguvu. Flaiwili itatoka, lakini injini haitakuwa na cheche nzuri tena.
• Kupiga ncha ya shafti kwa nyundo bila kinga. Hesi za juu hutanuka kama uyoga, na nati haiingii tena. Pigo kali linaweza pia kuumiza beringi au kuipotosha shafti.
• Kutumia pula yenye makucha kwenye ukingo. Ukingo hauna nguvu ya kubeba mvuto huo. Hupinda, na flaiwili iliyopinda huitikisa injini nzima.
• Kuingiza mitaimbo chini ya flaiwili na kuinyanyua. Mitaimbo huegemea juu ya koili na bamba lake, na kuvivunja.
• Kuchomeka bisibisi kwenye meno ya flaiwili ili isizunguke. Jino likivunjika, stata ya umeme haitashika tena.

Pula inaweza kuazimwa au kutengenezwa. Flaiwili na shafti za injini ya zamani huenda zisipatikane kabisa. Evinrude, kwa mfano, ni jina linalotokana na Ole Evinrude, aliyeanza kuuza injini zake za boti nchini Marekani mwaka 1909. Utengenezaji wa injini za jina hilo ulisimamishwa mwaka 2020. Anayevunja flaiwili ya injini ya namna hiyo atalazimika kutafuta injini nyingine iliyokufa ili achukue yake.

Vifaa vinavyohitajika

• Pula ya bamba: bamba nene la chuma lenye matundu matatu ya bolti na bolti kubwa moja katikati
• Bolti tatu zinazolingana na hesi za matundu ya flaiwili, zenye urefu sawa
• Soketi ya saizi kamili ya nati, na mpini mrefu
• Mkanda wa nailoni au spana ya mkanda ya kushikilia flaiwili
• Mafuta ya kupenya kutu
• Nyundo ya wastani
• Brashi ya waya, msasa laini na kitambaa safi
• Chombo cha kuwekea nati, bolti na kii zisipotee mchangani

Hatua kwa hatua

1. Andaa mahali. Toa injini kwenye boti na uifunge imara kwenye gogo au stendi ya mbao. Ondoa tanki la mafuta na uliweke mbali. Tenganisha betri kama ipo. Toa plagi zote, ili injini isiweze kuwaka na izunguke kwa urahisi.

2. Ondoa stata ya kamba. Fungua bolti zake na uinyanyue yote kwa pamoja. Usiilegeze springi iliyo ndani. Kwenye injini nyingi utaona bakuli au puli ndogo iliyofungwa juu ya flaiwili kwa bolti tatu. Iondoe. Matundu hayo matatu ndiyo yatakayopokea bolti za pula.

3. Safisha. Piga brashi kuzunguka nati na kwenye matundu matatu. Mimina mafuta ya kupenya kutu kidogo pale shafti inapokutana na flaiwili, na uyaache yafanye kazi. Kama injini imefanya kazi baharini, fanya hivi jioni na uanze kufungua asubuhi.

4. Zuia flaiwili isizunguke. Zungusha mkanda kwenye ukingo na mtu mmoja aushike kwa nguvu. Kama hakuna mkanda, unaweza kutumia kamba laini ndani ya silinda. Kwanza zungusha flaiwili mpaka pistoni ipande karibu na juu na kupita matundu ya pembeni ya silinda. Ingiza kamba safi ya pamba au nailoni kupitia tundu la plagi, ukiacha ncha ndefu nje. Kisha zungusha flaiwili taratibu upande wa kufungulia nati, mpaka pistoni iibane kamba. Ukiiingiza kamba pistoni ikiwa chini, itanaswa kwenye matundu ya silinda na kukatika.

5. Legeza nati. Kwa kawaida hufunguka kinyume cha mwelekeo wa mishale ya saa. Tumia soketi inayobana vizuri na mpini mrefu, kwa mvuto mmoja thabiti. Usitumie tindo.

6. Usiondoe nati yote. Irudishe mpaka sehemu yake ya juu iwe sawa na ncha ya shafti. Hatua hii ndogo ni muhimu sana. Nati inalinda hesi, na pia inazuia flaiwili isiruke usoni mwako itakapoachia.

7. Funga pula. Pima kina cha matundu ya flaiwili kwa kijiti chembamba. Bolti ziingie mizunguko sita hivi au zaidi, lakini zisitokeze upande wa chini. Bolti iliyo ndefu mno itatoboa koili, na utakuwa umeongeza tatizo jingine. Ziingize kwa vidole kwanza. Kama bolti haiingii kwa vidole, hesi zake hazilingani, usiilazimishe. Hakikisha bamba la pula liko sambamba na flaiwili. Likiinama, mvuto utakuwa wa upande mmoja.

8. Kaza bolti ya katikati. Iweke ncha yake katikati kabisa ya shafti, pakiwa na grisi kidogo. Kaza mpaka uhisi ugumu wa kutosha. Hakikisha tena kwamba bamba halijainama.

9. Gonga mara moja. Piga kichwa cha bolti ya katikati kwa nyundo, pigo moja kavu, si zito sana. Mtetemo huo, ukikutana na mvuto wa pula, ndio unaofungua mbano. Mara nyingi utasikia mlio mkali kama wa kitu kilichovunjika. Usiogope. Ni flaiwili imeachia.

10. Kama haikuachia, kaza bolti ya katikati robo mzunguko na ugonge tena. Ikiachia, ondoa pula na nati, kisha inyanyue flaiwili moja kwa moja juu. Iweke chini ikiwa imelala juu ya kitambaa, mbali na chembe za chuma ambazo sumaku itazivuta. Tafuta kii mara moja na uihifadhi.

Ikiwa bado imegoma

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kurudi kwenye nyundo kubwa. Badala yake, tumia muda.

Ongeza mafuta ya kupenya kutu. Kaza pula mpaka iwe na mvuto wa kutosha, kisha iache hivyo usiku kucha. Weka injini mahali ambapo watoto hawafiki, na nati iwe bado kwenye shafti. Asubuhi ongeza robo mzunguko na ugonge. Flaiwili nyingi zilizoshinda watu mchana mzima huachia zenyewe usiku, bila mtu kuwapo.

Joto nalo husaidia, kwa sababu sehemu ya katikati ya flaiwili ikitanuka, mbano hulegea. Anza na joto dogo: zungushia sehemu ya katikati kitambaa kilicholoweshwa maji yanayochemka, ukiwa na kinga mikononi. Kama utalazimika kutumia moto wa gesi, zingatia haya:

• Futa kwanza mafuta yote ya kupenya kutu na petroli. Vyote vinashika moto.
• Pasha sehemu ya katikati tu, kuizunguka pande zote, kwa muda mfupi. Usipashe shafti yenyewe.
• Usikaribie ukingo. Joto hupunguza nguvu ya sumaku, na gundi inayozishika huyeyuka.
• Chuma kisifikie rangi nyekundu. Chini yake kuna koili, na sili ya mafuta ambayo huungua kwa urahisi.
• Weka ndoo ya mchanga karibu.

Tahadhari: Ukiona bamba la pula linapinda au bolti zinang'oa hesi za flaiwili, simama. Tafuta pula imara zaidi. Kuendelea kukaza kutaharibu matundu, na baada ya hapo hakutakuwa na mahali pa kushikia.

Kutengeneza pula kijijini

Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kutengeneza pula ya bamba kwa kufuata maelezo haya:

• Tafuta bamba la chuma lenye unene wa milimita 12 au zaidi. Bamba jembamba litapinda.
• Chora mahali pa matundu kwa kuweka karatasi juu ya flaiwili na kuipaka mkaa. Toboa matundu matatu ya pembeni. Ukiyafanya marefu kidogo kama mfereji, pula itafaa kwa injini za aina mbalimbali.
• Katikati toboa tundu la bolti kubwa, kisha weka nati nene na uichomelee upande wa chini wa bamba. Kama nati iko chini, nguvu ya kukaza inaisukuma ibanane na bamba. Ikiwa juu, nguvu yote itabebwa na kuchomelea peke yake, na itaachia.
• Tumia bolti zenye alama ya 8.8 au 10.9 kichwani. Bolti za kawaida zisizo na alama hukatika au kuliwa hesi.
• Ichonge ncha ya bolti ya katikati kwa tupa iwe mviringo, ili ikae katikati ya shafti na isitanue hesi zake.

Nini cha kukagua baada ya kuiondoa

Umepata nafasi ya kuona sehemu ambayo haionekani mara kwa mara. Usirekebishe kilichokusumbua tu na kufunga. Kagua yote:

• Kii. Ikiwa imekatika, imepinda au ina alama ya kuminywa, weka mpya ya saizi ileile. Usiweke msumari wala kipande cha msumeno. Kipande hicho hakikai sawasawa, na kitaacha flaiwili isogee.
• Njia ya kii, kwenye shafti na kwenye flaiwili. Ikiwa imetanuka, kii mpya haitashika.
• Mchongoko. Uwe laini na usio na mikwaruzo mikubwa.
• Sumaku. Zote ziwe imara na bila ufa.
• Koili. Tafuta mipasuko, waya uliochunika na alama za kuguswa na flaiwili. Pima kwa mita na ulinganishe na kitabu cha injini.
• Pointi. Zisafishe na urekebishe nafasi yake kwa fila geji. Katika injini nyingi ndogo za zamani za Johnson na Evinrude nafasi hiyo ni kama milimita 0.5. Kwa aina nyingine fuata kitabu chake.
• Sili ya juu ya shafti. Ukiona unyevu wa mafuta kuizunguka, ibadilishe sasa. Sili mbovu huiingizia injini hewa, na injini ya aina hii ikipata hewa nyingi kuliko mafuta hupata joto na kuua pistoni.

Kuirudisha

Flaiwili nyingi hulegea na kukata kii kwa sababu zilirudishwa vibaya. Safisha mchongoko wa shafti na tundu la flaiwili kwa kitambaa chenye petroli safi kidogo, kisha vikauke kabisa. Kutu kidogo ondoa kwa msasa laini.

Usipake grisi wala mafuta kwenye mchongoko. Watu hupaka kwa nia njema, ili safari ijayo flaiwili itoke kwa urahisi. Lakini mbano unategemea chuma kikavu kushikana na chuma kikavu. Grisi huufanya uteleze, na mzigo wote huhamia kwenye kii.

Weka kii mahali pake, mgongo wake ulio bapa ukiwa sambamba na shafti. Shusha flaiwili taratibu ukihakikisha haiisukumi kii nje. Kabla ya kuweka nati, jaribu kuitikisa kwa mkono. Ikichezacheza, mchongoko haujashikana vizuri. Itoe na uangalie tena.

Kaza nati kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha injini hiyo. Viwango hutofautiana sana kati ya injini moja na nyingine, kwa hiyo usikisie kwa kufuata injini ya jirani.

Zungusha flaiwili kwa mkono mara kadhaa. Isiguse koili popote. Rudisha stata, kisha plagi na waya wa swichi. Washa injini ikiwa kwenye pipa la maji au kwenye maji ya kina kifupi, wala si kavu, kwa sababu pampu yake ya maji huharibika haraka ikizunguka bila maji. Jaribu swichi ya kuzimia. Safari ya kwanza iwe karibu na nchi kavu, mchana, mkiwa na makasia na makoti ya kuokolea.

Sanduku moja kwa kikundi kizima

Mvuvi mmoja hahitaji pula kila wiki. Huenda akaihitaji mara moja kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo si rahisi mtu mmoja kuona sababu ya kununua, na siku anapoihitaji anajikuta na nyundo tu. Lakini kikundi chenye boti ishirini kitaihitaji mara nyingi.

Vikundi vya usimamizi wa mialo, vinavyojulikana kama BMU nchini Kenya na Tanzania, tayari vina viongozi, mikutano na kumbukumbu. Kikundi cha namna hiyo, au chama cha kuweka na kukopa, kinaweza kuwa na sanduku moja la vifaa: pula, soketi, spana ya kupimia nguvu, fila geji, kii za akiba na plagi. Mambo machache husaidia sanduku lisipotee:

• Chagueni mtunzaji mmoja anayeaminika na mwenye mahali pakavu pa kulihifadhi.
• Kila anayeazima aandikwe kwenye daftari, pamoja na tarehe na injini anayoitengeneza.
• Atakayevunja kifaa akilipe au akitengeneze.
• Andikeni katika daftari hilohilo kiwango cha kukaza nati na nafasi ya pointi kwa kila aina ya injini mliyonayo.
• Fundi mkubwa anapofanya kazi hii, vijana wawili wakae naye. Ujuzi ulio kwa mtu mmoja huondoka naye.

Maswali ya kujadili

• Katika mwalo wetu, ni boti ngapi zinatumia injini za zamani? Injini hizo zilipozima majini mara ya mwisho, nini kilikuwa chanzo?
• Je, tumewahi kuona flaiwili au shafti iliyovunjwa wakati wa matengenezo? Hasara ilikuwa kiasi gani, na nani aliibeba?
• Mmiliki anapomharakisha fundi ili boti itoke jioni hiyohiyo, ni nani anayebeba hatari usiku?
• Ni vifaa gani ambavyo kila mmoja wetu hawezi kununua peke yake, lakini kwa pamoja tunaweza?
• Nani kati yetu anaweza kufundisha, na nani yuko tayari kujifunza?